Ng'ombe wa mahari yangu waliolala ng'ambo ya mto

Jumapili, Bunia. Mvua ilianza kabla ya misa na mpaka sasa haijakoma. Njia ya kushuka hapa mtaani Rwambuzi imekuwa tope tupu, na waendesha moto wamejibanza kwenye vibaraza vya watu, viti vya pikipiki zao vimefunikwa kwa mifuko ya plastiki. Sikwenda misa. Nilisema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiniumi.

Nina mgeni nyumbani, na sithubutu kumtazama usoni.

Basi nimekuja kuandika hapa, mahali ambapo wasomaji wangu wengi ni wanafunzi wa zamani wanaotafuta majibu ya mtihani. Poleni, leo hakuna majibu.

Ninafundisha historia. Alhamisi niliwafundisha tena wanafunzi wa mwaka wa mwisho somo ambalo huwa halikosi kwenye mtihani wa serikali: dissuasion, yaani kumzuia adui asikupige kwa kumtia hofu ya kitakachompata akikupiga. Huwa nachora duara mbili ubaoni. Hawa wana mabomu ya kuwamaliza wale, wale wana mabomu ya kuwamaliza hawa, na kwa sababu hiyo hakuna anayethubutu kuanza. Kila mwaka kuna anayeinua mkono na kusema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kila mwaka darasa linaamka kweli pale tu ninaposema kwamba madini ya bomu la kwanza, sehemu yake kubwa, yalichimbwa hapa hapa Kongo, kule Katanga. Wanajitazama mikono, sijui wanatafuta nini.

Mwaka huu ilibidi nirekebishe daftari langu. Duara si mbili tena. Mikataba ambayo wazee wa mataifa makubwa waliitia sahihi, watoto wao wanaiacha ife mmoja mmoja. Bomu ambalo zamani lilitajwa kwa kunong'ona sasa linatajwa redioni kama mtu anayetaja pikipiki mpya aliyonunua. Na kuna videge visivyo na rubani ambavyo havingoji hofu ya mtu yeyote. Niliyasema hayo yote vizuri. Mimi ni mwalimu mzuri, hilo hakuna atakayenibishia.

Halafu nikawasomea sentensi waiandike, ileile ya kila mwaka: ngao inaweza kutisha kuliko mkuki. Maana yake, majirani wawili wakiwa kila mmoja anaweza kumwumiza mwenzake, hutulia. Siku mmoja anapojitengenezea ngao, mwenzake anajiuliza: huyu anajikinga kwa nini? Ana mpango gani? Naye anaukimbilia mkuki kabla hajachelewa.

Nimeisoma sentensi hiyo mbele ya madarasa kwa miaka kumi na moja. Wao wanaandika, mimi narudi nyumbani kula sombe yangu.

Sikuwa nimeisikia hata siku moja.

Ijumaa akaja Muzee Lonu. Ni rafiki wa Papa, baba yangu mzazi, ambaye anaishi nami hapa tangu tulipokimbia kilima chetu. Lonu ni mtu wa ng'ambo ya mto, wa lugha nyingine. Mke wake ameletwa hospitali hapa Bunia kutibiwa macho, naye hakuwa na pa kulala. Aliuliza watu njiani mpaka akafika mlangoni kwetu na fimbo yake na koti lililolowa. Papa alipomwona alisimama bila kushika ukuta, jambo ambalo hajalifanya tangu mwaka jana. Walikuwa hawajaonana miaka minane.

Ili mtu aelewe kwa nini nimejificha nyuma ya kichwa kisichouma, lazima nieleze desturi ya kwetu.

Kwetu, mtu mwenye akili hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi lake. Wengine aliwapeleka walale kwa rafiki ng'ambo ya mto, kwa watu haohao ambao babu zetu waligombana nao juu ya malisho. Rafiki aliwachunga, maziwa akanywa yeye na watoto wake, na baada ya muda ndama mmoja akawa wake. Naye alileta wa kwake walale kwako. Hapakuwa na karatasi wala shahidi. Tulipokuwa wadogo, mimi na ndugu yangu Désiré tuliona ni mambo ya kijinga, kunywa maziwa ya ng'ombe wa watu wakati ya kwetu yananywewa ng'ambo. Siku moja Désiré alimwuliza Papa sababu. Papa alikuwa anakamua, hakugeuka hata kichwa.

"Ngombe yangu inalala kwa Lonu," alisema. "Ya Lonu inalala kwangu. Mutu gani atachoma nyumba, na ngombe yake iko ndani?"

Nilipoolewa, wakwe zangu wa Mahagi walileta ng'ombe wa mahari. Papa alichagua sita walio bora akawavusha mto wiki ileile, wakalale kwa Lonu. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori na huona kila kitu kwa macho ya safari, alicheka mpaka machozi. Alisema hajawahi kuona mahari inayokataa kukaa nyumbani.

Kisha habari mbaya zikaanza. Watu walivamiwa njiani, masoko yakafungwa mapema. Wanajeshi wakaweka kituo juu ya kilima chetu, na kwenye kituo hicho bunduki kubwa ambayo bonde lote liliiona. Mimi nilikwenda huko likizo na daftari langu.

Nilikaa na Papa kwenye benchi lake nikamfundisha. Nilimwambia sasa kuna kitu ambacho kila mtu anakiogopa, kiko juu yetu, kinatulinda. Nilimwambia ng'ombe wa ng'ambo wako mikononi mwa watu walewale tunaowahofia, na kwamba hakuna mtu wa siku hizi anayempa adui mali yake aishike. Warudishwe, wakae chini ya bunduki. Nilimkumbusha kwamba ni ng'ombe wa mahari yangu, kwa hiyo nina sauti. Nilichanganya Kifaransa kingi. Papa hakusoma sana, na Kifaransa changu alikiheshimu kuliko kilivyostahili.

Kwa siku mbili alishinda malishoni. Siku ya tatu akakubali, akasema, "Mama, weye njo ulisoma," yaani msomi ni wewe. Ananiita Mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Désiré na vijana wa kwetu wakaenda kuwachukua mchana kweupe, wakapita nao katikati ya kijiji cha Lonu. Watu wa huko walisimama milangoni wakitazama. Papa mwenyewe aliwarudisha ng'ombe wa Lonu kwa miguu yake, akarudi, akalala bila kula.

Mimi nilifurahi. Naliandika neno hilo nisije nikajidanganya baadaye. Nilifurahi.

Nilichoshindwa kuona, mimi mwenye duara zangu mbili, ni jinsi walivyolisoma jambo hilo upande wa pili. Huko hakuna mtu anayewatoa ng'ombe wake katika zizi la rafiki isipokuwa anataka kulichoma zizi lile. Wanawake wakaanza kuhamisha vyungu. Vijana wao wakaanza kulala porini. Vijana wetu walipoona wale wanalala porini, nao wakaenda. Na ile bunduki ya kilimani, sisi tuliona inatulinda, wao waliona imewaelekea wao.

Haikupita miezi mitatu, wakatuvamia.

Ilikuwa asubuhi ya ukungu. Daraja lilikuwa limechukuliwa na mvua, na wanajeshi kule juu hawakuweza kuona hata miguu yao wenyewe, sembuse bonde. Siwalaumu. Nilikuwa nimempeleka binti yangu Neema, akiwa bado ananyonya, aonwe na babu yake. Tulisikia sauti ya mzee kutoka kwenye majani ya mtoni, inamwita Papa kwa jina lake la utoto, inamwambia akimbie na watu wake, akimbie sasa. Ilikuwa ya Lonu. Tukakimbia hivyo hivyo, mimi na kanga moja na mtoto.

Tulipofika kwenye mikaratusi Désiré akasimama. Akasema ng'ombe wamefungiwa zizini, wataungua. Wote walikuwa pale, na wangu wa mahari walikuwa kati yao, nilipowaweka mimi. Akarudi kuwafungulia.

Tulimzika siku tano baadaye. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na alikuwa anajifunza kupiga gitaa, vibaya sana.

Ng'ombe wangekuwa ng'ambo, asingekuwa na cha kurudia. Mwenzi wangu wa kila siku kwa miaka minane ni sentensi hiyo. Papa hajawahi kunitupia neno. Ningependa anitupie, hata sufuria.

Sasa turudi Ijumaa. Wazee walikaa kibarazani, mimi nikawa ndani naandaa chai. Waliongea juu ya mvua, juu ya ugonjwa wa kwato, juu ya watu waliokufa, kwa sauti ya watu wanaoulizana bei ya chumvi. Nilipofika mlangoni na termosi, nyuma ya pazia, nikasikia Lonu anauliza sababu ya kuwatoa ng'ombe.

"Rafiki, ile wakati, juu ya nini ulitosha ngombe? Ulisikia nini kwetu?"

Papa akasema, "Sikusikia kitu. Ni miye njo nilikosa. Niliogopa."

"Weye? Kuogopa?"

"Ni miye."

Kutoka pazia hadi kiti cha Lonu ni hatua mbili. Nimewahi kusimama mbele ya mkaguzi wa shule nikamwambia amekosea, tena mbele ya watu. Ijumaa nilitembea hatua zile mbili, nikainama, nikamimina chai, nikamwuliza mgeni wangu kama anatia sukari.

Anatia. Vijiko viwili.

Nilikuwa nageuka kurudi ndani Lonu alipocheka kidogo. "Lakini moja uliacha," akamwambia Papa. "Ile nyekundu, ya pembe ya kuvunjika. Watu yangu walisema umeisahau. Miye nikawaambia, ule mutu hasahaugi ngombe."

"Sikusahau," Papa akasema.

Nilisimama na termosi mkononi. Ng'ombe mwekundu wa pembe iliyovunjika alikuwa mmoja wa wale sita wa mahari yangu. Papa alituambia, mimi na Désiré, kwamba huyo alikufia ng'ambo, tusihangaike naye. Alitudanganya. Mzee ambaye hakuwa na Kifaransa cha kunijibu aliniachia watano, na mmoja akanikatalia bila kuniambia.

Lonu aliendelea, bila kujua anamwambia nani. Alisema asubuhi ile alipotaka kutoka kuja kutuita, mke wake alimshika shati, kwamba vijana wao wenyewe wangemwua njiani wakimwona. "Nikamwambia, ngombe ya ule mutu iko inalala hapa. Kesho nitaikamua na uso gani?"

Kwa hiyo niko hai kwa sababu ya ng'ombe mmoja. Neema naye. Bunduki ile kubwa yote, na kilichomvusha mzee mto uliofurika ni aibu ya kumkamua ng'ombe wa rafiki.

Tangu Ijumaa nafikiri juu ya wale watano. Kama mmoja aliweza kumtoa mzee kitandani, sita wangeweza nini? Labda watu waliosimama milangoni wasingesimama. Labda vijana wasingekwenda porini. Huwa nawaambia wanafunzi wangu historia haina "kama", waifute wakiiandika. Mwalimu wao anazo tele, hazifutiki.

Jana asubuhi nilifungua redio. Kiongozi mmoja wa nchi ya mbali alikuwa anaeleza kwamba wanaongeza silaha na kujenga ngao ya anga kwa ajili ya usalama tu, na kwamba majirani hawana sababu ya kuogopa. Alisema kwa utulivu, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Niliizima. Nilikuwa nimemtambua: ni mimi, kwenye benchi la Papa. Sijui kama mataifa ya mabomu yana ng'ombe wa kulaza kwa wenzao. Zamani nilifundisha kwamba hofu ndiyo ililinda dunia. Sasa nadhani hofu inalinda mpaka siku ya ukungu, na ukungu hauombi ruhusa. Mtihani utanitaka nifundishe lile la kwanza, nami nitalifundisha, na nitajisikia vibaya.

Jana jioni Lonu alitoa neno alilokuja nalo. Ana mjukuu, Aline, aliyemaliza shule ya msingi na alama nzuri. Anataka mwezi wa tisa aje akae kwangu, asome hapa Bunia. Alimwambia Papa, lakini alinitazama mimi.

"Zamani tulikuwa tunaleta ngombe," akasema. "Ile yako nyekundu ilikufa na uzee, watoto yake walibebwa na watu ya bunduki. Kwangu ngombe imeisha. Mwenye alibakia ni huyu mutoto."

Papa akasema nyumba ni yangu, jibu ni langu. Kesho asubuhi Lonu na mke wake wanarudi, kwa hiyo jibu ni la kesho.

Mwalimu gani atamkataa mtoto mwenye akili? Mdomo wangu ulikuwa tayari kusema ndiyo. Nikasema nitafikiri. Siwezi kumpokea mjukuu wa mtu ninayemficha jambo hili. Anamleta kwa rafiki yake aliyeogopa mara moja, hamleti kwa mwanamke mwenye daftari.

Na kuna la pili, zito kuliko la kwanza. Desturi ina pande mbili. Anayepokea lazima naye apeleke, na apeleke kitu ambacho kikipotea kitamwuma. Mimi sina ng'ombe. Nina Neema.

Neema ana miaka minane na kitu, shule yao imefunga jana, na anaamini maziwa ni unga wa kwenye kopo. Leo mchana kutwa amekaa kibarazani na Lonu, anasuka kamba, anafundishwa majina ya rangi za ng'ombe, anayasema vibaya, mzee anacheka. Saa kumi alikuja mbio kwangu. "Maman, babu Lonu anasema kwa jirani yake kuko ndama mudogo. Niende naye?"

Niliogopa, nikashika meza. Njia sasa iko shwari kidogo, watu wanapita, hata wafanyabiashara. Lakini ng'ambo ni ng'ambo. Palepale nikaelewa kwamba hofu hiyo ndiyo Papa aliyokuwa anaivusha mto kila alipowapeleka ng'ombe wake. Nilimfundisha kwamba ni ujinga.

Nilimwambia Neema akafunge dirisha, mvua inaingia. Mvua haikuwa inaingia.

Mume wangu nimempigia nikamweleza yote, yuko Mahagi anangoja mzigo. Nilitegemea acheke. Hakucheka. Alisema, "Wale ngombe walikuwa ya kwetu pia. Fanya yenye inafaa." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi uamuzi ni huu. Kesho asubuhi, kabla ya chai na kabla ya sukari, nitampelekea Muzee Lonu maji ya kunawa. Papa akiwepo. Nitapiga goti kama nilivyofundishwa, na nitasema kwa Kiswahili, bila neno hata moja la Kifaransa: Muzee, ni miye njo nilitosha ngombe. Papa alikuwa anakataa. Akitaka kuondoka baada ya hapo bila kuniaga, nitambebea mfuko hadi kwenye pikipiki. Na akisema Aline aje, Aline atakuja.

Neno la pili, lile la Neema, nimeliandika hapa mara tatu na mara tatu nimelifuta.

Nimechukua begi lake la bluu la shule nikatoa madaftari yote. Liko kitandani, wazi. Sijaamua kitu. Nimetia sweta moja tu, maana ng'ambo kule asubuhi kuna baridi.